Malalamiko Juu ya Kidirisha cha Kijani Ukutani Kwetu

Diwaniya,
Jumapili, tarehe 11 Januari.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Umeme, upande wetu wa mto.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu zinazostahili cheo chako, naapa kwamba katika barua hii nitasema yote, hata yale yanayoiaibisha nyumba yetu. Mwalimu wetu wa insha hutuambia kwamba lalamiko linaloficha nusu ni umbea uliovaa sare ya shule. Kwa hiyo sitaficha.

Mimi naitwa Nabaa Jabbar Lafta. Nina miaka kumi na mitatu, na nyumba yetu ni ya tatu kutoka tanuri la mikate, yenye mlango wa bluu. Najua wengi hukuandikia kulalamika kwamba umeme wako umewaunguzia vitu. Mimi nalalamika kwamba umeme wako haujatuunguzia kitu kwa siku arobaini na tano, na hali hii haivumiliki.

Ili usinidhanie vibaya, naanza na mambo yalivyokuwa zamani.

Nyumba yetu, kama nyumba zote za mtaa, ina umeme wa aina mbili: wako, na ule wa jenereta la mtaa tunaoutumia wako ukikatika. Jenereta halina makuu, linawasha taa na televisheni basi. Wako ndio wenye nguvu. Ukirudi, Bibi Wabriya, mama yake baba, ambaye husikia friji ikianza kunguruma kabla ya mtu yeyote, hupaza sauti, "Umekuja huo." Hapo kila mtu hukimbilia chake: mama pampu ya maji, baba hita, shangazi Ibtihal pasi, mimi chaja. Mtaa mzima hufanya hivyo kwa dakika moja ileile. Ndipo hutokea kile ambacho nyumbani tunakiita kishindo. Umeme huingia kama fahali aliyefunguliwa zizini, taa zinang'aa kupita kiasi, kisha kitu kimoja ndani ya nyumba kinaanza kunuka.

Kwa miaka miwili vilinuka vitu kumi na saba. Kila kimoja alikuja kukitengeneza Fundi Ghalib, mwenye duka mkabala na shule ya wavulana. Ni mtu mrefu na mpole, anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Na kila alipokuja, aliyemshikia tochi alikuwa shangazi Ibtihal. Shangazi ni dada mdogo wa baba, ana miaka thelathini na sita, anafundisha hesabu, na anasema hakuna mwingine nyumbani anayeweza kushika tochi bila mkono kutikisika. Hakuna aliyembishia.

Friji ilipoungua mara ya pili nilimwona Fundi akicheka kwa jambo ambalo shangazi alisema kuhusu asilimia. Mimi sijawahi kumwona mtu mzima akichekea asilimia. Tangu siku hiyo nina matumaini, na matumaini hayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu, ambayo sasa nayapanga kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Kwamba baba alikilinda kisanduku cha breka.

Mwezi wa Novemba kishindo kiliua mashine ya kufulia. Mlango wake ukagoma kufunguka, na ndani yake limo joho jeupe la Bibi la kusalia. Bibi alikaa mbele ya kile kioo siku tatu akilitazama joho lake kama aliyekwenda kumwona mfungwa. Baba akasema imetosha. Akamwita Fundi Ghalib, safari hii si kutengeneza kitu kimoja, bali kuilinda nyumba nzima kwa mpigo.

Alhamisi ya tarehe 27 Fundi alifungua kisanduku cha breka, zile swichi zinazojizima umeme ukizidi, kilicho kando ya mlango wa jikoni. Alizima swichi kuu, akampigia simu mwenye jenereta azime laini yetu pia, halafu hakumwamini hata mmoja wao, akagusa kila waya kwa testa. "Waya ni kama nyoka, Mwalimu," alimwambia shangazi. "Humuulizi mwenyewe kama amekufa." Kisha akaufuata waya wa ethi, ule unaopaswa kwenda ardhini, akaukuta umefungwa kwenye bomba la maji, na bomba hilo tangu lilipobadilishwa ni la plastiki.

"Baba Nabaa," akasema, "ethi yenu ni ya heshima tu. Haiendi popote."

"Iko hivyo tangu enzi za marehemu baba," baba akasema.

"Mungu amrehemu," Fundi akasema, akatoka uani akapigilia fimbo ya shaba ndefu kuliko yeye mwenyewe, karibu na mti wa ndimu, mpaka kikabaki kichwa chake tu.

Kifaa chenyewe cha kukinga kishindo ni kidogo, kama kiberiti kilichonenepa. Alikipachika ndani ya kisanduku karibu na swichi kuu, akakipa breka yake peke yake, na nyaya zake akazikata fupi kabisa. Shangazi akauliza kwa nini asiziache ndefu kidogo azipange vizuri.

"Waya mrefu ni safari ndefu. Kishindo hakina subira ya safari."

"Kwa hiyo hiki kinakizuia?"

"Hakikizuii, Mwalimu. Kinakionyesha njia ya kwenda ardhini."

"Kama mgeni msumbufu."

"Enhe. Unamfungulia mlango wa uani kabla hajafika sebuleni."

Mazungumzo haya na mengine ya namna hii yalichukua dakika arobaini, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimekielewa kile kifaa katika dakika ya tatu.

2. Kwamba kifaa hicho hakifi.

Kina kidirisha mbele. Kikiwa kizima, kidirisha ni kijani. Kikipigwa na kishindo kikubwa kupita uwezo wake, hujitoa mhanga, na kidirisha hugeuka chekundu. Fundi alituambia, "Mkiona nyekundu niiteni, hata iwe asubuhi ya Idi." Hilo ndilo sharti pekee aliloliacha la kumrudisha kwetu.

Kila asubuhi kabla ya shule naenda kukitazama. Kijani. Tarehe 20 Desemba ulituletea kishindo ambacho nilidhani kimetumwa na Mungu. Kilimuulia Mama Sattar, jirani yetu wa kushoto, televisheni yake, na kwa daktari wa meno aliye kulia kiti kikabaki kimemnyanyua mgonjwa juu hakishuki. Kwetu taa zilipepesa mara moja tu. Nilikimbia na soksi moja mguuni. Kijani.

Tangu siku hiyo Mama Sattar hutazama tamthilia yake kwetu kila jioni. Ameketi pale ambapo Fundi alikuwa akitandaza vifaa vyake. "Nyinyi mna hirizi," anamwambia Bibi. Bibi anamjibu, "Tunayo, na inatutia baridi nyumbani." Mama Sattar hudhani anazungumzia hita.

3. Kwamba baba hakuangalia vizuri.

Hili ndilo la aibu, lakini nimekwisha kuapa.

Fundi alipomaliza kazi aliketishwa chumba cha wageni, na Bibi akamletea kahawa chungu. Fundi alikipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, hakunywa.

Wewe ni mtu wa huku, Mheshimiwa, sina haja ya kukueleza. Hata mtoto anajua kwamba mgeni akiweka kikombe chini ana ombi, na hataigusa kahawa mpaka mwenye nyumba amwambie anywe, amepewa. Nami nilijua, nikajibana kwenye mwimo wa mlango nisikose neno.

Sasa naomba uichore picha hii, maana yote yalitokana nayo. Mashine mbovu ya kufulia ilikuwa imetolewa bafuni na kuegeshwa kwenye ujia. Nyuma ya mashine alisimama shangazi, akizungusha kamba ya tochi kidoleni. Kutoka alipoketi Fundi, anayeonekana mlangoni ni shangazi. Kutoka alipoketi baba, inayoonekana mlangoni ni mashine. Baba akafuata macho ya Fundi, akaiona mashine, akatabasamu kwa ukarimu wote alionao.

"Kunywa kahawa yako, Ghalib," akasema. "Ulichokuja kukiomba ni chako, wala usione haya."

Fundi alikunywa mara moja. Uso wake uling'aa, akainuka akambusu Bibi kichwani. Baba naye akainuka, akaenda mlangoni, akawaita wana wa Mama Sattar waje kubeba. Kabla Fundi hajapata neno, mashine ilikuwa juu ya gari lake imefungwa kamba, joho la Bibi likiwa ndani. Alisimama getini, mkono kifuani. Mtu aliyekwisha kunywa kahawa hawezi kuikataa zawadi. Alisema tu, "Mungu akuzidishie, Baba Nabaa," akaondoka polepole sana.

Usiku baba alisema, "Si angetamka tu kwamba anataka vipuri. Ana haya mno yule."

"Jabbar mwanangu," Bibi akamuuliza, "wewe shule uliishia wapi vile?"

Shangazi alipanda darini kuanua nguo, na kamba ya nguo siku hiyo haikuwa na nguo hata moja.

Sasa Fundi hawezi kurudi. Aliweka kikombe chini, akaambiwa amepewa, akaondoka na alichopewa. Akirudi akakiweka tena, watu watasema mwenzetu ana tamaa, kesho ataitaka friji. Na bila sababu mtu haingii nyumba ya watu. Sababu zetu zote, Mheshimiwa, wewe ndiwe uliyekuwa ukitupatia.

4. Kwamba shangazi anahamia Kut.

Huko anaishi dada yake mkubwa, na shule moja inahitaji mwalimu wa hesabu kuanzia tarehe mosi Februari. Fomu ya uhamisho imo kwenye mkoba wake. Nimeiona. Zimebaki siku ishirini na moja. Shangazi haimbi tena akipiga pasi. Anasahihisha daftari za wanafunzi mpaka ukingoni mwa karatasi, pale ambapo hapana kosa.

Wiki iliyopita niliamka mapema kuliko kawaida kwenda kukitazama kidirisha, nikamkuta yeye amenitangulia, amevaa sweta juu ya nguo za kulalia, tochi mkononi.

"Nakagua tu," akaniambia.

Nikamwambia nami nakagua. Tukasimama pale kidogo. Kilikuwa kijani.

5. Kwamba jitihada zangu mwenyewe zimeshindwa.

Nisingekusumbua kama ningefaulu peke yangu. Nilijaribu kuchomeka kila kitu chetu kwa pamoja umeme uliporudi, breka moja ikaruka na nikaadhibiwa kuosha vyombo siku nne. Kisha nikakipaka kile kidirisha rangi nyekundu ya kucha. Ilipendeza. Nikamwita baba nikiwa na huzuni ya kutosha, nikamwambia kifaa kimekufa shahidi, apige simu dukani. Baba hakupiga simu. Alisogeza pua, akanusa.

"Kinakwenda harusini hiki?" akaniuliza.

Nilikwangua rangi ile kwa ukucha mbele yake. Chini yake kilikuwa kijani kama bamia.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, maombi yangu ni haya.

Kwanza, naomba kishindo kimoja. Kwa miaka miwili umetupa vingi bila kuombwa, sidhani kimoja cha kuombwa kitakulemea. Kiwe cha kutosha kukigeuza kidirisha chetu kiwe chekundu, lakini kisivuke ukuta wa Mama Sattar, maana televisheni yake mpya imefika jana na nimechoka na tamthilia. Kije siku ya Jumamosi asubuhi, sina shule na duka la Fundi liko wazi.

Ikiwa haiwezekani kukilenga kwenye nyumba moja, basi kipewe mtaa mzima, nami nitapita mlango kwa mlango kuwaambia wachomoe vitu vyao. Miguu ninayo.

Ikiwa kanuni zinakataza vishindo vya makusudi, naomba ofisi yako itoe amri kwamba kila kifaa cha aina hii kikaguliwe kila wiki na fundi yuleyule aliyekifunga, asiwe mwingine, na kwamba lazima wakati wa ukaguzi ashikiwe tochi na mtu mzima mwenye shahada ya hesabu. Nimekuandikia rasimu ya amri hiyo nyuma ya karatasi hii ili nikupunguzie kazi. Unatia sahihi tu.

Na ikiwa hata hilo ni gumu, basi umwajiri Fundi Ghalib awe mlinzi wa kudumu wa ukuta wetu. Bibi amesema chakula cha mchana kitatoka kwetu. Alhamisi huwa tunapika dolma, mboga zilizojazwa wali.

Nakuachia uamuzi, nikitumaini kwamba mtu anayeweza kuuwasha mji mzima kwa swichi hatashindwa na nyumba moja yenye mlango wa bluu. Nisalimie makarani wote, na yule anayekaa dirisha la malalamiko, pole zake. Msalimie anayewasha swichi yenyewe, kama ni mtu mmoja, na mama yake pia. Mzee Khudayr msoma mita nitamsalimia mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayekuletea barua hii.

Wako kwa heshima, mteja wa laini ya pili,
Nabaa Jabbar Lafta

Nyongeza. Jumatano jioni, tarehe 14.

Mheshimiwa, barua hii bado ninayo, kwa sababu Mzee Khudayr hupita mtaa wetu Alhamisi. Naomba uyahesabu yote ya juu kuwa hayakusemwa, nawe uendelee kusoma kuanzia hapa.

Leo baada ya sala ya alasiri gari la Fundi Ghalib lilisimama mlangoni, na nyuma yake gari jingine lenye mama yake na wajomba zake wawili. Ameirudisha mashine ya kufulia. Ameitengeneza. Kipuri kilitoka Baghdad na kilichelewa, ndiyo maana hakuonekana. Alisema asingeweza kuja mikono mitupu hali joho la Bibi liko kwake. Joho lilikuwa ndani ya mashine, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa.

Bibi alikuwa amewaona tangu kona ya tanuri. Walipokuwa wakiishusha mashine, alituamrisha mimi na mama tutoe chumba cha wageni redio, saa ya ukutani, zulia dogo, hata kalenda. "Leo," alisema, "Jabbar asikute cha kugawa."

Vikombe vinne viliwekwa chini. Baba akavitazama. Akazitazama kuta tupu. Kisha akageuza shingo, kwa mara ya kwanza, akatazama kule hasa alikokuwa akitazama Fundi.

"Semeni kwa midomo yenu, jamani," akasema. "Mimi kwa macho nimeshindwa."

Mjomba mkubwa akasema. Baba akajipiga paji la uso kwa kiganja, wote wakasikia. Bibi akaja jikoni kumuuliza shangazi, ambaye alikuwa ameshika tochi, na jua lilikuwa bado linawaka.

"Mwambieni kaka," shangazi akasema, "fomu ya Kut nimeijaza kwa penseli."

Baba akasema kunyweni, na vikombe vinne vikanywewa.

Bibi hakuridhika, akamuuliza Fundi mbele ya watu. "Mwanangu wewe, vitu vyetu vikiungua ndivyo vilivyokuleta. Akili gani ilikutuma kutufungia kile kidude?"

Fundi aliangalia soksi zake. "Mama, ningebaki nikiitakia friji yenu mabaya kila siku. Siwezi kuiombea nyumba iungue halafu nije kuomba binti humohumo. Nilitaka nifunge kwanza mlango ule, ndipo nigonge huu."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ile fimbo ya shaba, zile nyaya fupi na yale maelezo ya dakika arobaini vilikuwa vya kumwezesha aje bila mkoba wa vifaa, nami nimemaliza mwezi mmoja na nusu nikiviombea vife. Namshukuru Mungu kwamba barua hii imechelewa, na naomba usitutumie kitu chochote. Rasimu ya amri iliyo nyuma ya karatasi uikate kwa mstari.

Ila nina jambo moja dogo, ndilo lililonifanya nisiichane. Posa itatangazwa Alhamisi, tarehe 22. Wageni ni sitini. Friji tatu za majirani zitakuwa uani kwetu, na oveni mbili za kuokea vileja vya tende, na taa za rangi ambazo wana wa Mama Sattar wamezitundika tayari juu ya mti wa ndimu, na Bibi amekwisha kusema kwamba umeme ukirudi atatangaza kwa sauti yake yote. Kidirisha chetu kimoja hakiwezi kuzilinda nyumba zote zitakazoazima waya kwetu. Mzee Khudayr atapita kesho kuichukua barua hii, naye ameahidi kuniletea jibu lako kabla ya siku hiyo. Je, Alhamisi hiyo zamu ya mtaa wetu kupata umeme ni saa ngapi, na anayewasha swichi anaweza kuiwasha taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto?